Rekoda ya Mzee Mpinga

Mimi nakusanya rekoda za kaseti za zamani, na nikiipenda moja sibanduki. Jumamosi iliyopita nilirudi tena Ulemo kwa Mzee Mpinga kuifuata ya kwake. Kule huombi kitu kabla hujala, basi bibi, mke wa Mzee, akaniandalia ugali wa mtama na mlenda. Nikasifu kila tonge.

Mzee alipotoka kufunga mbuzi, nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodia nione kama bado kinashika. Kikashika. Hapo hapo mke wangu akapiga simu.

“Mzee bado hajalegea,” nikamnong’oneza. “Mlenda wa bibi hauna chumvi hata chembe, lakini nitaumeza na kuusifu mpaka rekoda iwe yangu. Leo sirudi mikono mitupu!”

Mzee akarudi, akakuta kaseti inazunguka. Mimi, niliyejidai mtaalamu, sikuwa nimezima.

“Kumbe bado inarekodi!” akafurahi. Akairudisha nyuma, akaongeza sauti.

Mnong’ono wangu ukajaa nyumba nzima. Nilipoinua macho, bibi alikuwa amesimama mlangoni na kibakuli.

“Chumvi hii hapa, mjukuu wangu,” akasema. “Kula taratibu. Rekoda haitoki humu ndani.”