Maagizo ya Mama na ya Ng'ambo

Wanafunzi walimwita Bibi Nyaraka, na jina likamkaa. Alifundisha historia chuoni, na sifa zote alizokuwa nazo alizipata kwa kitabu cha ujanani kilichodai kwamba chama cha wakomunisti cha nchini mwake kilikuwa kikaragosi tu: wakubwa wa ng'ambo wakisema kaa, kinakaa, wakisema simama, kinasimama. Sasa mchapishaji alitaka kukichapa upya, akamuuliza kama kuna cha kubadili. Hakuna, alijibu. Ushahidi si upo? Kila agizo lilipokuja, chama kilijibu: "Tumepokea, tunatekeleza."

Nyumbani naye alikuwa na wakubwa wake. Mama yake, aliyeishi mji mwingine, alimpigia simu kila asubuhi. Ondoa hilo kabati mlangoni. Nunua mapazia ya kijani. Acha kula umesimama. Bibi Nyaraka alikuwa na mvi kichwa kizima, lakini mtoto kwa mzazi hakui. "Ndiyo, mama, nitafanya," alijibu, na kabati likabaki palepale. Mapazia ya kijani alinunua kweli, lakini rangi hiyo aliipenda mwenyewe tangu zamani.

Siku moja mama alikuja kumtembelea. Hata hajaketi vizuri, akampigia shangazi simu. "Mwanangu? Msikivu huyo! Nilimwambia mapazia ya kijani, haya hapa nayaona!" Kabati lilikuwa limemgonga goti akiingia, lakini hakulitaja.

Bibi Nyaraka alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikakatika. Ni ripoti ngapi za ng'ambo alizozisoma zikijisifu hivyohivyo? Na zile "tunatekeleza" za chama, aliwahi kwenda kuangalia kama kabati lilihamishwa? Aliona aibu, akachukua kalamu.

"Una nini?" mama akauliza.

"Kitabu changu, mama. Nadhani niliwaonea watu wale. Nikibadili leo, wenzangu watanicheka."

"Wacheke, meno ni yao. Nenda ukaandike kwamba ulikosea. Sasa hivi."

"Ndiyo, mama."

Akaketi mezani, akaufuta ukurasa wa kwanza, akaanza upya. Moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia. Sebuleni, mama alikuwa ameshampata shangazi tena. "Na kitabu pia, nimemwambia mimi!"

Bibi Nyaraka akatabasamu. Safari hii mama alisema kweli, au nusu yake, maana kalamu alikuwa ameishika kabla hajaambiwa.