Konzi ya Chumvi

Kaloleni nzima ilijua kwamba Rehma Shakir haonji. Wapishi wengine huchota mchuzi kwa mwiko, wakaudondoshea kiganjani, wakalamba. Rehma alifunua sufuria, akainamisha uso kwenye mvuke, akavuta pumzi mara moja, na papo hapo angekuambia chumvi imepungua kiasi gani. Ujuzi huo aliurithi kwa mama yake, aliyepika futari ya msikitini miaka nenda miaka rudi huku amefunga. Sheria inamruhusu mpishi aliyefunga aonje kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini mama mtu aliona huo ni uvivu wa pua, na binti akashika hivyo hivyo. Majivuno alikuwa nayo, wala sitamtetea kwa sababu leo namwonea huruma.

Mumewe Saleh, fundi cherehani, hakuwa mtu wa kusifu. Kwa miaka thelathini na sita ya ndoa sifa yake ilikuwa kuifuta sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati mpaka ing'ae. Rehma aliitazama hiyo sahani kabla hajamtazama mwenyewe.

Sasa fikiria Jumanne ile ya Machi 2021, Saleh aliposukuma sahani ya samaki, mbuta wa nazi, na kusema, "Mama Nuha, leo umesahau chumvi."

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Rehma alionja chakula chake mwenyewe ili kukipima. Chumvi ilikuwepo, tena kwa kipimo chake.

"Chumvi iko," akasema. "Ulimi wako ndio umezeeka."

Jumatano yakawa maharagwe. Saleh alitafuna, akatikisa kichwa. "Hayana ladha, wallahi. Ni kama natafuna karatasi."

"Basi tafuta mwingine wa kukupikia."

Hasira hasara, tunaimba hivyo tangu utotoni, na bado tunakasirika. Alhamisi Rehma alitia konzi nzima ya chumvi kwenye bakuli la mchuzi la Saleh, akaketi mbele yake amkodolee macho. Alitaka apige kelele. Saleh alikula taratibu mpaka akamaliza, akafuta bakuli kwa chapati, akanywa maji vikombe vitatu. "Alhamdulillahi," akasema. "Leo angalau nimesikia kitu."

Rehma alidhani anakejeliwa. Hakumsemesha siku mbili.

Jumamosi asubuhi Saleh alishindwa kupumua. Wahudumu waliovaa nguo nyeupe mpaka usoni walimpeleka hospitalini, na Rehma akakatazwa kupanda gari. Siku iliyofuata alikuwa amesimama jikoni akikaanga vitunguu, akaisikia sauti ya jirani yake Atieno ikipenya ukutani: "Mama Nuha! Kwani unachoma nyumba?" Alipotazama, vitunguu vimekuwa makaa na moshi umejaa mpaka darini. Pua yake haikuwa imesikia lolote. Akatia chumvi ulimini. Ilikuwa kama mchanga.

Ndipo akaelewa Saleh alikuwa akimwambia nini siku zile zote. Aliikimbilia simu, akampigia Saleh. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena, huku akiyapanga maneno ya kuomba radhi, na simu ikazidi kuita. Jumatatu alasiri Saleh alifariki, akazikwa na watu wachache, Rehma akiwa kitandani na homa.

Homa iliisha. Harufu haikurudi. Hakumwambia mtu, hata Nuha, binti yake anayefanya kazi Bondo. Mpishi asiye na pua ni wa nini? Tena moyoni aliamini kwamba amelipwa kwa ile konzi.

Arobaini ya Saleh iliangukia ndani ya Ramadhani. Nuha alikuja na shauri la kumtafuta mpishi. Rehma alikataa katakata. Simu haikupokelewa, sasa ataomba msamaha kwa pilau, pilau aliyoipenda marehemu, na haiwezekani kumwomba mtu msamaha kwa mkono wa mwingine.

Kwa kawaida alitia chumvi mara tatu, kila mara akiuliza mvuke. Siku hiyo aliinama kwa mazoea. Mvuke ulimchoma macho tu, haukuwa na habari. Akachota chumvi kwa konzi, na mkono ukaikumbuka konzi ya Alhamisi ile. Akairudisha yote koponi, akatia ya kubana kwa kidole na gumba tu. Akajiambia ikizidi haitoki. Akafunika.

Atieno, ambaye huuza omena sokoni, alikuwa amekuja kusaidia kuchambua mchele. "Mama Nuha, mimi si ni Mkristo, nimekunywa chai asubuhi. Wacha nionje."

"Tangu lini sufuria yangu ikaonjwa?"

Magharibi watu wakafungua kwa tende, wakaswali, wakasoma hitima, wakapakuliwa. Wanaume nje chini ya turubai, wanawake sebuleni. "Mashallah," wakasema. "Mkono ni ule ule." Rehma alipokusanya sahani za kwanza aliona wali umesukumwa pembeni, umefichwa chini ya mifupa. Hakuna aliyeulizia ukoko, na ukoko wa Rehma uligombewa kila mwaka. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu aliumbuliwa na sufuria.

Akaenda kuketi mkekani mbele ya Atieno. Mdomo wa Atieno haukuwa na kifuniko. Kwa miaka ishirini hajawahi kukisifu chakula cha Rehma bila kukitoa kasoro.

"Pilau je?"

"Iko tamu sana, Mama Nuha." Hakuinua uso.

Hapo Rehma akajua. "Atieno. Niambie."

Atieno aliweka kijiko chini. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Chumvi haiko, rafiki yangu. Haiko kabisa."

"Anti Atieno!" Nuha alimaka. Rehma akainua mkono kumnyamazisha. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na kopo la chumvi. Akapiga magoti, akanyunyiza kidogo kwenye sahani ya Atieno, akachanganya kwa vidole vyake mwenyewe. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya upole, haikuwahi kusikika katika nyumba ile mtu alipolalamikia chakula.

"Nisamehe, Baba Nuha. Ngoja nikuongezee."

Wanawake wakatazamana. Atieno hakumsahihisha. Aliivuta sahani karibu, akala mpaka punje ya mwisho, kisha akaifuta kwa kidole mpaka ikang'aa.