Shangazi Zuwena na Idi za Baridi

Hata leo nikisikia brashi ikisugua sakafu iliyomwagwa maji, kazi huniponyoka mkononi. Juzi tu binti yangu alikuwa anaosha baraza hapa Ibra, Omani, nami nikakaa kitako jikoni, kitunguu kimekatwa nusu, nikimkumbuka shangazi yangu Zuwena.

Zuwena alikuwa dada mdogo wa baba. Alikwenda Kanada kusoma, na huko akanaswa na mchezo unaoitwa kerling. Unasukuma jiwe zito lenye mkono wa kushikia juu ya barafu, na wenzako wanatangulia mbele yake wakisugua barafu kwa brashi ili jiwe lifike mbali. Mwaka mmoja alituletea kanda ya video. Majirani walijaa sebuleni kumwona, na Bi Salma wa nyumba ya pili akashika tama.

“Masikini, mtoto wa watu. Kasoma kote kule, kazi yenyewe ndiyo kufagia?”

Bibi, mama yake Zuwena, hakugeuza hata uso. “Hebu tazama vizuri, Salma. Na wazungu nao wanafagia.”

Zuwena alipokuja wakati wa joto, tende zinaiva, alinifundisha. Tulimwaga maji ya sabuni barazani, akapiga goti, akaisukuma pasi ya mkaa ya Bibi, nami nikakimbia mbele yake nikisugua kama mwenye wazimu. “Sugua, habibti, lakini usiiguse.” Pasi ikenda ikagonga ukuta, kigae kikapata ufa, na sisi tukacheka mpaka tukakaa majini. Baba alinuna siku nzima. Mimi nilikuwa sijapata kupendwa vile na mtu mzima.

Lakini miaka ile Idi zilikuwa zinaangukia baridi, na baridi ndiyo msimu wa mashindano yake. Kila shuwa ilipotolewa shimoni, ile nyama yetu ya Idi ya kuokwa ardhini, Bibi alimwekea Zuwena fungu lake kwenye friza, likakaa humo hadi likawa gumu kama tofali. Wageni wakimuulizia, Bibi aliwawahi. “Zuwena? Yule hana haya, kasahau kwao.” Wageni wakanywa kahawa yao, wakahamia habari nyingine. Mimi maneno yale yalinichoma, na taratibu nikaanza kuyaamini.

Kisha Bibi akaugua, hatoki kitandani. Baba akampigia simu Zuwena, naye akasema Idi inayofuata atakuja, inshallah. Siku yenyewe nilikaa mlangoni tangu watu waliporudi kutoka kusali, gauni jipya mwilini, hina mikononi, nikisikiliza kila gari. Hakutokea. Bibi alituacha kabla ya joto kurudi. Zuwena alipokuja msibani nilimwambia shikamoo nikitazama chini, basi, na miaka mingi nikawa nazungumza naye hivyo hivyo.

Nilikuwa mama wa watoto Zuwena aliponieleza, tumekaa na kahawa yetu. Idi ile timu yake ilikuwa inagombea kuiwakilisha Kanada. Tiketi ya ndege alikwisha kata. Bibi ndiye aliyempigia simu, baba hajui.

“Usije,” alimwambia. “Ukija utakaa kunitazama nikikohoa, na mwakani hawatakuita tena. Cheza, mwanangu. Midomo ya watu niachie mimi.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Bibi alikuwa akimsema mwanawe mwanzo, tena vibaya kushinda wote, ili asibakie mwengine wa kumsema.

Nikamuuliza kama walishinda.

“Tulishindwa,” akasema. “Nikampigia Bibi yako siku ile ile ya Idi, nikamwambia tumeshinda. Akapiga kigelegele, masikini, na pumzi hana.”

Saa hiyo mimi nilikuwa mlangoni na gauni langu. Bibi alijua kwamba Zuwena haji, na bado aliniacha niketi pale. Nadhani moyoni naye bado alimngoja Zuwena, akataka mtu wa kumngoja pamoja naye.