Siku Tuliyocheza Raga na Fulana za Jikoni

Umewahi kuona timu ya raga ikiingia uwanjani na fulana za wapishi, mgongoni zimeandikwa KARIBU MEZANI?

Mimi nimeona. Tena ni timu yangu.

Wapinzani wetu, timu ya Msambweni, walikaribia, wakala, wakashiba.

Naitwa Nafula. Kwetu ni Bungoma, lakini siku hizi nasuka watalii nywele huku Diani. Kaka zangu wote walicheza raga, kwa hivyo niliposikia Diani kuna timu, nikajipachika ushabiki bila kualikwa.

Timu yenyewe ni ya wafanyakazi wa hoteli. Wahudumu, wapishi, walinzi wa bwawa la kuogelea. Nahodha ni Nzai, mtu wa Kinango, mpole mpaka anaudhi. Akikuangusha uwanjani anakuinua, anakuambia pole.

Na tuna mwenyekiti, Mheshimiwa Johnstone. Hachezi, hafanyi kazi hotelini, ni mfanyabiashara mwenye shingo nene na picha nyingi. Kwenye kila bango la timu uso wake ni mkubwa kuliko mpira.

Akiongea utalia. "Hii timu ni damu yangu!"

Uwanjani sijawahi kumwona hata siku moja. Lakini damu ipo, haya.

Sasa Jumamosi hiyo tulikuwa na robo fainali ya kombe, ugenini Msambweni. Na tulikuwa tumeshaonywa. Mwaka jana tulikosa kufika mechi moja kwa sababu ya zamu za hoteli, na safari hii waandalizi walisema wazi kwamba tukikosa kufika, au tukishindwa kumaliza mechi, timu inafutwa.

Nzai ndiye aliyeianzisha hiyo timu, akifyeka nyasi za uwanja kwa panga lake mwenyewe. Wiki nzima alikuwa hana raha.

Alhamisi dereva wa mwenyekiti akaja kuchukua jezi. Eti mheshimiwa anataka zifuliwe vizuri na kupigwa pasi. Nzai akatoa zote, na asante juu.

Ijumaa, Christabel, msimamizi wa wahudumu, akawaita wachezaji saba. Wale saba wenyewe! Lennox mwenye mguu wa kupiga penalti, Gilbert anayebomoa watu, na wenzao.

"Kesho hakuna off. Kuna hafla kubwa, na mwenye hafla amewataka nyinyi kwa majina."

"Lakini madam, tuna mechi," Lennox akasema.

"Na kazi mnayo pia. Chagueni."

Wageni walikuwa wamepungua na watu wanaachishwa kazi kila wiki. Wakachagua kazi. Siwalaumu, ingawa siku hiyo niliwalaumu sana.

Jumamosi asubuhi jezi hazijarudi. Simu ya mwenyekiti inaita tu. Basi aliloahidi tangu msimu uanze, hewa. Tukapanda kanta, lori dogo la kubebea madafu, wachezaji kumi na wawili na mdomo mmoja. Mdomo ni mimi.

"Kaka Nzai, aki hii si timu. Haya ni mabaki."

"Mabaki ndiyo tuliyo nayo, dada Nafula. Kaa vizuri usije ukaanguka."

Kufika, mwamuzi anataka rangi moja. Alamin, nahodha wa Msambweni, akatusalimia kwa adabu zote, akatoa jezi zao kuukuu tuazime. Nzai akashukuru, akakataa. Katana, mpishi wetu, akafungua begi lake akatoa fulana za jikoni alizochukua stoo. Ndiyo hizo za KARIBU MEZANI.

Msambweni, jamani! Timu ya waendesha bodaboda na walimu wa chekechea. Juzi juzi tu walikuwa wakiushika mpira wa raga kama papai lililoiva. Sasa hao ndio wanaotukanyaga.

Mashabiki wao wakasoma migongo yetu, wakapata wimbo. "Hodi mezani! Tumeshakaribia!" Wakifunga trai nyingine, "Ongezeni mchuzi!"

Mama mmoja muuza kaimati akanigeukia kwa huruma. "Mwanangu, hawa wenu wamekula lakini?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Mapumziko, thelathini na nane kwa sifuri. Wawili wetu wameumia, tumebaki kumi. Mwamuzi akamwita Nzai pembeni, akamwambia akipungua hata mmoja anamaliza mechi.

Yaani mmoja tu akitoka, timu imekufa.

Badala ya kuwatia moyo, mimi nikafoka. "Si mkae chini tu! Mnajiaibisha ya nini? Mwenyekiti wenu yuko wapi na damu yake?"

Nzai alikuwa amepasuka juu ya jicho. Alichana mkono wa fulana, akajifunga kichwani kuzuia damu ili mwamuzi asimtoe, akarudi uwanjani.

Kipindi cha pili sikufoka tena. Bega la Katana lilichomoka. Akakataa kutoka. Alisimama ndani ya mstari, mkono umening'inia, uso umekunjamana kwa maumivu, ili tu ahesabike. Wengine walianguka, wakainuka, wakaangushwa tena. Hata wale waimbaji waliacha wimbo wao, na yule mama wa kaimati akaanza kutushangilia sisi.

Sabini na moja kwa tatu. Hizo tatu ni penalti ya Nzai. Filimbi ilipolia walikumbatiana kama waliochukua kombe, nami nikalia kwa fahari na kwa hasira.

Katana tulimwacha hospitali akirudishwa bega. Sisi tukarudi Diani, na Nzai akasema tupitie hotelini tuwaambie wale saba kwamba timu bado ipo.

Tulipokaribia ukumbi, nikasikia sauti kwenye kipaza sauti.

"Hii timu ni damu yangu!"

Nikachungulia. Bango limetandazwa ukutani: HAFLA YA MARAFIKI WA TIMU YETU. Uso wa Johnstone, mkubwa kuliko mpira. Wageni wamevaa suti, wanatafuna.

Na wahudumu ni Lennox, Gilbert na wenzao, wanazunguka na trei za sambusa. Wamevaa jezi zetu, zimefuliwa na kunyooshwa vizuri kabisa.

Mheshimiwa alitaka wageni wake wahudumiwe na timu yenyewe.

Johnstone akatuona mlangoni, akachanua. "Na huyo ndiye nahodha wetu! Mpigieni makofi! Ametoka mazoezini moja kwa moja!"

Mazoezini.

Makofi yakapigwa. Nzai akapita katikati ya meza, tope na damu vikidondoka kwenye zulia, akapewa kipaza sauti.

"Shikamooni, wazee wangu. Samahani kwa kuwakatiza. Nina swali moja kwa mwenyekiti. Leo timu imecheza na nani?"

Johnstone akacheka. Akatazama huku, akatazama kule.

"Leo? Si... mechi si ni wiki ijayo?"

Wageni wakaacha kutafuna.

Lennox ndiye aliyeanza. Aliweka trei mezani, akavua jezi, akaikunja kwa makini, vile wanavyofunzwa kukunja vitambaa vya meza, akampa Nzai mikononi. Gilbert akafuata. Kisha wengine, mpaka wote saba wakawa vifua wazi mbele ya wageni.

Halafu kila mmoja akachukua trei yake, akaendelea na kazi.

Lennox akaenda moja kwa moja meza kuu, akainama kwa heshima zote.

"Sambusa, mheshimiwa?"

Kesho yake Johnstone akaposti mtandaoni: "Nilikuwa bega kwa bega na vijana wangu Msambweni. Tumeshindwa, lakini tumepigana." Akapata pongezi nyingi mno. Mimi nikaweka picha moja tu hapo chini, ya bega la Katana.

Ukimsikia mtu analia hadharani kwamba anaipenda timu yako kukushinda wewe, usibishane naye. Muulize tu mechi ni saa ngapi.