Dawa ya Macho ya Mama

Wakati ule nilikuwa nasomea uchungaji hapa Bunia na nilijiona mjuzi kweli kweli. Mwalimu alitufundisha ushairi wa Waebrania, jinsi nabii anavyosema jambo kisha kulirudia kwa maneno mengine hadi likuingie. Nililipenda shairi la nabii mmoja kuhusu watu wanaopapasa ukuta mchana kama vipofu. Nililihubiri Jumapili moja, nikapigiwa vigelegele. Vipofu wenyewe, kwa akili yangu, walikuwa watu wengine.

Mama alikuwa amekimbia vita kijijini kwetu Fataki, akawa anakaa nami mtaa wa Lumumba. Macho yake yalikuwa yanafifia, na daktari akampa dawa ya matone, atiwe kila jioni bila kuruka hata siku moja. Mimi ndiye niliyemtia.

Kisha kikundi chetu cha maombi kikatangaza mfungo mkavu kuombea amani. Kwa siku tatu kitu chochote kisiingie mwilini, hata tone la maji.

"Na dawa ya macho, mutoto yangu?" mama akauliza.

"Ile pia ni tone, Mama. Tuache."

Siku tatu zikaisha naye hakuumwa popote. Sikujua kwamba ugonjwa ule hauumi. Nikamwambia tuendelee kwa imani bila dawa, akakubali kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Miezi ikapita, chupa iko kabatini.

Adhuhuri moja nilimwona akitoka chooni, mkono ukipapasa ukuta wetu wa matofali. Jua lilikuwa utosini. Aliupita mlango, akarudi, akaupita tena. Nabii alisema "twapapasa", akijihesabu mwenyewe kati ya wale vipofu, na mimi niliyelikariri shairi zima sikuwa nimeliona hilo.

Daktari alisema nami kwa Kifaransa ili mama asielewe. Dawa ile hulinda mwanga uliobaki, na kwake haukubaki. Nilitamani daktari anitukane.

Sihubiri tena. Kila jioni mama huketi kwenye kiti cha plastiki, huinua uso na kuniita.

"Leta dawa. Leo niliona mwangaza kidogo."

Namtia tone moja kila jicho.

"Macho itapona?"

"Itapona, Mama."

Mara ya kwanza nilimpotosha bila kujua. Sasa najua, na bado namjibu hivyo.