Mguu Uliokandwa Siku Tatu

Mimi na arobaini ya uzazi hatukupatana tangu siku ya kwanza. Nilikuwa mwalimu, nimezoea kusimama kutwa, sasa nimelazwa chumbani kwa mama yangu, mjini Nizwa, Omani, tumbo limefungwa, dirisha limefungwa, napewa uji wa pilipili manga. Nilihesabu siku na kugombana na kila aliyeingia.

Siku ya kumi na mbili mguu wa kushoto ukavimba. Mama, mzaliwa wa Unguja, akasema baridi imeniingia. Akanikanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, asubuhi na alasiri, siku tatu. Maumivu yakazidi. Nikamfokea kwamba ana mikono mizito. Alipunguza nguvu tu, akaendelea. Alfajiri iliyofuata, kila nikivuta pumzi kifua kikawa kinanichoma, nami sikumwambia mtu. Mume wangu alipouona ule mguu hakuuliza mtu, alikwenda kuwasha gari.

Hospitali, aliyenipima kwa altrasaundi alikuwa msichana wa Kiomani ambaye wazee wake walitoka Tanzania Bara.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama yangu.

"Marahaba, binti yangu."

"Mtanilaza?" nikamuuliza kabla hajanigusa.

"Tulia kwanza, dada."

Akanipaka ile dawa ya baridi inayoteleza, akaanza na mguu wa kulia. Kila alipokandamiza kifaa, mshipa kwenye skrini ulibonyea, na alipoachia, damu ilipita kwa rangi ya buluu. Akahamia wa kushoto. Akakandamiza, akakandamiza tena. Mshipa haukubonyea, wala hapakuwa na rangi yoyote.

"Damu imeganda humu," akasema. "Huu mguu umefanyiwa masaji?"

"Hapana."

"Na pumzi iko sawa? Kifua hakiumi?"

"Hakiumi."

Nilijibu upesi upesi. Nilijua nikitaja kifua sitoki hospitali siku ile, na nikitaja kukandwa mama ataaibika mbele ya msichana mdogo kama yule. Nilitaka kuondoka tu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mwanangu begani.

"Wallahi muongo," akasema. "Nimemkanda mimi, siku tatu. Na kifua chamchoma tangu alfajiri, nimemuona akijishika."

Msichana akaweka kifaa chini. "Mama, ukikanda, bonge la damu linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Hapo mtu hufa." Akatoka mbio kumwita daktari.

Tukabaki mimi na mama, na mtoto amelala begani.

"Kwa nini umesema hapana?"

"Sikutaka wakuone mjinga, mama."

"Mimi nisionekane mjinga, wewe ufe?" Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Ndivyo nilivyokulea?"

Nikalia, kwa hofu na kwa kujichukia. Nikanyoosha mkono anishike. Akaitazama mikono yake, akamkumbatia mtoto zaidi, hakunipa mkono.