Tangi Lililorukwa

Mtu akikutana na Dhekra, kwanza huona kidole chake. Akisoma au akichambua dengu kwenye sinia, kidole cha shahada hutangulia, na hakirudi nyuma.

Ni karani wa chama cha maji cha kijiji chao kisiwani Djerba, Tunisia, ambako watu hunywa maji ya mvua kutoka matangi yaliyochimbwa uani. Juzi dhoruba ilisomba dawa ya kunyunyizia mizeituni ikaimwaga katika baadhi ya matangi. Majibu ya vipimo yalipofika asubuhi, Dhekra aliyaingiza katika programu yake ya kwanza, aliyoitunga baada ya kozi ya jioni. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye orodha, kuondoa kila tangi lenye sumu, kisha kuwatumia wenye matangi yaliyobaki ujumbe: "Maji ni salama, kunyweni."

"Makubwa haya, mama kompyuta!" Hedi, fundi wa pampu, alimtania. "Kesho utaniondoa na mimi."

"Wewe ulishaondolewa zamani, ila hujaambiwa."

Wakacheka. Ujumbe ukaenda.

Adhuhuri, palepale ofisini, Dhekra alichambua dengu za kupika jioni. Alitoa kijiwe. Dengu zilizofuata zikateleza kuziba pengo, na kidole kikasonga mbele. Kijiwe kingine, kilichokuwa kimeegemea cha kwanza, kikateleza nazo, kikabaki nyuma ya kidole.

Akaacha kuchambua.

Programu nayo iliondoa huku ikitembea. Ikitoa tangi moja, linalofuata husogea kushika nafasi yake, na programu imeshapiga hatua, ikaliruka bila kulikagua. Alipoijaribu haikukosea, kwa kuwa matangi mabovu aliyoyabuni hayakuwahi kufuatana.

Akafungua majibu. Tangi la Bi Mabrouka: sumu. Linalofuata, la jirani yake mzee Sassi: sumu. Na mzee Sassi alikwisha kuambiwa anywe.

Leo mzee Sassi alikuwa anamwoza mjukuu wake.

"Hedi! Washa pikipiki! Kwa mzee Sassi wasinywe maji!"

"Si wanachemsha chai, dada?"

"Sumu hiyo haitoki kwa kuchemshwa! Nenda!"

Akampigia mzee Sassi simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Dirishani ziliingia ngoma na zumari za harusi, mbali kidogo.

Kisha ngoma zikanyamaza, zote kwa pamoja.

Pikipiki ya Hedi ilikuwa bado inasikika barabarani, haijafika. Dhekra aliiweka simu mezani, karibu na sinia, akaikodolea macho, akiomba iite.